Maji ya mvua ya kunywa: tenga tanki lake

Msimu uliopita nilitembelea shamba la nyanya huku Dodoma. Kijana amefunga gata vizuri, ana tanki la lita 5,000. Lakini nikamkuta kibarua anachota maji ya kunywa tankini kwa ndoo ile ile ya kuchanganyia dawa. Nilipouliza, mwenye shamba akacheka: "Bwana shamba, maji ya mvua si ni safi tu?"

Mvua ni safi. Uchafu unatoka kwenye bati, gata, tanki na mkono wako.

Tuanze na hesabu. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ya bati ni lita 1. Bati la mita za mraba 40, mvua ya milimita 500 kwa msimu: lita 20,000. Toa asilimia 20 zinazopotea, unabaki na 16,000. Watu 5, kila mmoja lita 5 kwa siku za kunywa na kupikia, ni lita 25. Tanki la lita 5,000 linawatosha siku 200. Kwa hiyo hilo liwe la kunywa tu. Ya kupulizia yawe na chombo chake.

Sasa fanya hivi:

1. Safisha bati na gata kabla ya mvua, na kata matawi yaliyoegemea paa. Ndege wanakaa hapo na kuchafua.

2. Mvua ya kwanza inaosha paa. Kwa bati la mita 40, lita 40 za mwanzo zisiingie tankini. Geuza bomba, zimwagike kwenye miche.

3. Tanki liwe na mfuniko, wavu wa kuzuia mbu, na koki. Hakuna kuchovya ndoo.

4. Pipa lililokaa dawa lisiwekwe maji ya kunywa, hata ulioshe mara kumi.

5. Ukipulizia karibu na nyumba, chomoa bomba la tanki. Upepo unapeleka dawa juu ya bati. Mvua ikinyesha, acha paa lioshwe kwanza ndipo urudishe.

6. Chemsha mpaka yatokote, au tumia vidonge vya klorini kwa kipimo cha pakiti, usubiri nusu saa.

Zingatia: kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi sumu ya dawa. Ndiyo maana namba 4 na 5 hazina mbadala.

Yule kijana alinunua pipa jipya la kupulizia wiki ile ile. Kibarua akiharisha wakati wa mavuno, nyanya hazimsubiri apone.