Je, uchafu wa jirani unafika kisimani kwangu?

Swali: Nina kisima kirefu Kimbo, Ruiru. Upande wa juu zimejengwa fleti zenye matangi ya maji taka. Je, wataalamu wa kompyuta wanaweza kujua kama uchafu unanifikia?

Jibu: Wanaweza kukadiria, ila kompyuta haitangulii. Kwanza hupimwa kimo cha maji katika visima visivyopungua vitatu, visivyo kwenye mstari mmoja, pampu zikiwa zimezimwa. Hapo ndipo mwelekeo wa mkondo wa maji hujulikana. Programu kama MODFLOW, inayotolewa bure na idara ya jiolojia ya Marekani, huunganisha vipimo hivyo na mvua, aina ya mwamba na kiasi cha maji kinachovutwa, ili kuunda modeli ya jinsi maji yanavyopita chini ya ardhi.

Usitegemee mteremko wa ploti peke yake. Kutoka Ruiru hadi Thika tumekaa juu ya matabaka ya miamba ya volkano, na maji hupita kwenye nyufa na katikati ya matabaka. Ufa mmoja waweza kuleta uchafu haraka kuliko modeli inavyokisia. Tena pampu kubwa ya kiwandani huweza kugeuza mkondo uje upande wako.

Kabla ya kulipia modeli, pima maabara bakteria wa kinyesi, naitreti na kloridi. Kwa floraidi usimlaumu jirani: kwa kawaida hutoka kwenye miamba yenyewe, na kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Bakteria wakionekana, mwite fundi akague kwanza saruji iliyoziba mdomo wa kisima. Mara nyingi uchafu huingilia hapo hapo.