Nani Atabaki na Mifugo?

SABATO MCHANA

Fungu la Kukariri: Kutoka 34:24

Katika majimbo ya Montana na Wyoming, magharibi mwa Marekani, majira ya baridi ni marefu, na kazi nyingi za ranchi husongamana katika miezi michache ya joto. Ndama hupigwa chapa, na majirani huja kusaidiana. Ng'ombe hupandishwa kwenye malisho ya milimani. Majani hukatwa, hukaushwa na kufungwa marobota, kwa maana theluji ikifunika ardhi mifugo huishi kwa akiba hiyo. Na miezi hiyo hiyo ndiyo ya arusi, mikutano ya ukoo, Siku ya Uhuru tarehe 4 Julai, na maonyesho ya wilaya ambako watoto huleta ndama na kondoo waliowalea wenyewe. Mjini Cheyenne, Wyoming, sherehe ya wachunga ng'ombe iliyoanzishwa mwaka 1897 ingali inakusanya umati kila Julai.

Mfugaji wa Narok au Monduli hajaona theluji hiyo, lakini anajua swali linaloulizwa jikoni usiku wa kuamkia safari: nani atabaki na mifugo? Juma hili tutaona kwamba Biblia inalichukulia swali hilo kwa uzito.

JUMAPILI: Mpaka Usio na Mlinzi

Soma Kutoka 23:14-17 na Kutoka 34:21-24. Mara tatu kwa mwaka wanaume wa Israeli waliagizwa kwenda mbele za Bwana. Ni rahisi kusoma agizo hili kana kwamba watu wale hawakuwa na la kufanya. Tazama kalenda yake. Pasaka iliangukia wakati shayiri ilipoanza kuiva. Sikukuu ya Majuma ilikuja pamoja na mavuno ya ngano. Sikukuu ya Vibanda ilifuata baada ya kukusanya mazao ya uwanja wa kupuria na ya shinikizo, nayo peke yake ilichukua siku saba. Ongeza siku za njiani kwenda na kurudi.

Kwa mwenye kondoo, kuondoka ni hatari. Mwizi anajua tarehe ya sikukuu kama mwenye mali anavyoijua, na jirani mwenye tamaa anaweza kusogeza alama ya mpaka. Mungu hakuwaambia watu wasiogope kwa kuwa hofu yao ni ya kipumbavu. Aliahidi jambo mahususi: hakuna mtu atakayeitamani nchi yao wakati wamepanda kwenda kumwabudu. Angalia kwamba ahadi inagusa tamaa yenyewe, kabla mkono wa mwizi haujanyoshwa.

Angalia pia kilichotangulia katika aya ya 21. Siku ya saba ni ya kupumzika, hata wakati wa kulima na wa kuvuna. Mtu asiyeweza kuyaacha majani yake shambani siku moja, wingu likiwa limetanda upande wa magharibi, hataweza kuiacha ranchi yote kwa juma zima. Sabato ilikuwa shule ya kila juma kwa ajili ya safari zile tatu.

Je, ni kazi gani katika msimu wako wa shughuli nyingi unayoiona haiwezi kusubiri?

JUMATATU: Orodha ya Waalikwa

Kumbukumbu la Torati 16:11-14 inataja watakaofurahi: mwana, binti, mtumwa, mjakazi, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Furaha hapa ni amri, na amri hiyo ina majina ya watu ndani yake. Mwenye shamba hakuruhusiwa kuhesabu sikukuu yake kuwa kamili ikiwa mtumishi wake alikuwa bado nyuma ya ng'ombe.

JUMANNE: Karamu ya Nabali

Soma 1 Samweli 25 yote, bila haraka. Nabali alikuwa na kondoo 3,000 na mbuzi 1,000, na alikuwa akiwakata kondoo wake manyoya huko Karmeli ya Yuda. Wakati huo ulikuwa wa sherehe. Absalomu naye aliwaalika wana wote wa mfalme wakati wa kukata manyoya (2 Samweli 13:23-27). Sufu ilikuwa fedha ya mwaka, na ilipopatikana watu walikula na kunywa.

Daudi akatuma vijana kumi kuomba chochote kitakachopatikana. Nabali aliwajibu kwa matusi. Mkate, maji na nyama vilikuwa vyake, na hakuwajua hao watu wanatoka wapi. Lakini mtumishi wake mwenyewe alijua. Alimweleza Abigaili kwamba watu wa Daudi walikuwa kama ukuta, usiku na mchana, muda wote kondoo walipokuwa nyikani (aya ya 16). Yaani walioilinda mali hawakuwa na sahani mezani. Mtumishi huyo akaongeza neno la kusikitisha: bwana wake hasemezeki. Nyumba ambayo mtumishi hawezi kumwambia mkubwa ukweli imekwisha kuwa hatarini, hata karamu yake ikifanana na ya mfalme.

Abigaili hakufanya mkutano. Alipakia mikate 200, viriba viwili vya divai, kondoo watano waliotayarishwa, vipimo vitano vya bisi, vishada 100 vya zabibu na mikate 200 ya tini, akapanda punda. Chakula kilikuwepo tangu mwanzo. Kilichokosekana ni mtu wa kukumbuka nani alikesha.

Hadi leo, wachungaji wengi wa kondoo katika milima ya magharibi mwa Marekani ni vibarua kutoka Peru, ambao hukaa miezi wakiwa na kundi na mbwa tu. Na katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, kijana wa ng'ombe ndiye asiyeonekana kwenye picha za arusi.

JUMATANO: Ayubu Aliamka Mapema

Ayubu alikuwa na kondoo 7,000, ngamia 3,000, jozi 500 za ng'ombe na punda 500. Wanawe saba walifanya karamu kwa zamu, nao waliwaita dada zao watatu (Ayubu 1:1-5). Baba hakuzikataza karamu hizo. Siku zake zilipotimia aliamka alfajiri, akatoa sadaka kwa ajili ya kila mmoja wao, asije mmoja akawa amemkosea Mungu moyoni. Kwa mtu mwenye mifugo mingi hivyo, alfajiri ndiyo saa ya kazi. Ayubu aliitoa kwa watoto.

Wengine husoma msiba wa Ayubu 1:13-19 na kusema kwamba karamu ndiyo iliyowaua watoto. Bildadi alielekea huko (Ayubu 8:4). Lakini mwishoni Mungu alisema kwamba rafiki hao hawakunena yaliyo sawa (Ayubu 42:7). Tusiwahubirie waliofiwa mahubiri ya Bildadi.

ALHAMISI: Msafara Uliomwacha Mtoto

Luka 2:41-46 inasimulia familia iliyotoka kwenye sikukuu. Kutoka Nazareti hadi Yerusalemu ni zaidi ya kilomita 100, na watu walisafiri na jamaa na marafiki. Yusufu na Mariamu walikwenda mwendo wa kutwa wakidhani Yesu yumo msafarani. Hawakuwa wazazi wabaya. Walidhani tu. Siku moja ya kudhani iligharimu siku tatu.

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Septemba 1868, Waadventista walikusanyika Wright, Michigan, kwa kambi iliyofungua njia kwa makambi yanayofanyika leo duniani kote. Mahali palikuwa shambani kwa mkulima, na familia zililala katika mahema.

Maswali ya kujadili:

1. Kanisa lenu linapokwenda makambini, nani hubaki akilinda nyumba na mazizi? Je, kuna mpango wa kupokezana, au ni watu wale wale kila mwaka?

2. Ikiwa mchungaji wa mifugo yako si mshiriki wa kanisa, Kutoka 20:10 inasema nini kuhusu kumtumia yeye ili wewe uitunze Sabato?

3. Taja mtu mmoja aliyeilinda mali yako mwaka huu na hakualikwa katika sherehe yako. Utampelekea nini, na lini?