Kwa Nini Dawa ya Sonona Huchelewa Kuleta Nafuu?

Swali: Mgonjwa aliyeandikiwa fluoksetini huambiwa asubiri wiki kadhaa. Dawa hiyo hufanya nini katika ubongo muda wote huo?

Jibu: Seli za neva hupelekeana ujumbe kwa kemikali zinazovuka upenyo mwembamba uitwao sinapsi, na mojawapo ni serotonini, ambayo ikishafikisha ujumbe hufyonzwa na kurudishwa katika seli iliyoitoa. Fluoksetini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987, huziba njia hiyo ya kurudia, na huanza kuiziba ndani ya saa chache tu. Hapo ndipo penye fumbo, kwani nafuu yenyewe huja baada ya wiki kadhaa. Kwa hiyo dai lililozoeleka kwamba sonona ni upungufu wa serotonini basi, halitoshelezi, maana lingekuwa kweli, nafuu ingeonekana mapema mno. Maelezo yenye uzito zaidi ni kwamba seli zinazotoa serotonini zina vipokezi vya kujidhibiti, yaani protini ambazo zikihisi wingi wa kemikali hiyo hupunguza utoaji wake, hadi zinapozoea wingi huo, baada ya wiki kadhaa, na kulegeza udhibiti. Kichefuchefu, hata hivyo, hakingoji, kwa kuwa sehemu kubwa ya serotonini ya mwili imo katika utumbo.