Paka Atapikaye: Sababu Zake na Matunzo Yake

Wahenga walisema: Paka akiondoka, panya hutawala. Kila mwenye kihenge cha mahindi aijua maana ya maneno hayo. Lakini wengi wetu humthamini paka siku akamatapo panya tu. Siku auguapo humwacha, au humpa dawa yo yote iliyo karibu. Leo twapenda kueleza habari za kutapika kwa paka, ili kila mtu ajue ni lini aweza kungoja, na ni lini kungoja ni kumpoteza mnyama.

Kwanza yafaa kutazama vema. Paka atapikaye huinama, tumbo lake hukazana mara kadhaa, ndipo atoapo alichokula. Akirudisha chakula kizima mara tu baada ya kula, pasipo tumbo kukazana, huenda amekula kwa pupa, au pana kizuizi kooni. Naye akinyosha shingo na kukohoa bila kutoa kitu, huenda ni ugonjwa wa kifua. Mambo haya matatu hayana dawa moja.

Sababu zilizo ndogo ni hizi. Ulimi wa paka una miiba midogo, naye ajilambapo humeza manyoya. Mengi hutoka pamoja na choo, lakini pengine hukusanyika tumboni, akayatapika kama donge refu. Ikiwa hutukia mara chache, na baadaye paka hula na kucheza, si ugonjwa. Alaye kwa pupa apewe chakula kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Paka mdogo pengine hutapika minyoo. Huyo apewe dawa ya minyoo iliyotengenezwa kwa paka, kwa kadiri ya uzito wake. Tena, paka wengi wakubwa hawawezi kumeng'enya sukari iliyomo katika maziwa, nayo huwaharisha. Maji safi yawatosha.

Sababu zilizo kubwa zataka haraka. Ya kwanza ni sumu. Paka huweza kula chambo cha panya, au panya aliyekwisha kula sumu. Sumu nyingine huzuia damu isigande, na dalili zake huchelewa siku kadhaa: uchovu, fizi kuwa nyeupe, na damu kutoka. Hiyo huweza kutibiwa kwa vitamini K, mganga wa mifugo akiwahi. Nyingine, iitwayo zinki fosfaidi, hutoa hewa mbaya tumboni. Basi paka aliyeila awekwe mahali pa wazi, wala mtu asivute harufu ya matapishi yake, maana humdhuru hata binadamu. Dawa za kupe za ng'ombe na mbwa pia zaweza kumwua paka, kwa kuwa hulamba kila kilicho juu ya manyoya yake.

Ya pili ni uzi, mshipi wa samaki, au sindano iliyomezwa. Mkiona uzi waning'inia kinywani au nyuma, msiuvute, kwani waweza kukata matumbo. Ya tatu ni ugonjwa wa virusi unaoua hasa paka wadogo, kwa homa, kutapika na kuharisha. Nao una chanjo. Ya nne ni ugonjwa wa figo, ambao huwapata sana paka wazee; hunywa maji mengi na kukonda.

Paka mkubwa akitapika mara moja au mbili, naye bado ana nguvu, mwondoleeni chakula kwa saa chache, lakini maji yawepo, apewe kidogo kidogo. Kisha apewe kuku au samaki aliyechemshwa, pasipo mifupa, chumvi wala vitunguu. Vitunguu ni sumu kwake. Asikae siku nzima bila kula, kwa kuwa ini lake hudhurika upesi. Paka mdogo asinyimwe chakula. Wala msimnyweshe maji ya chumvi ili atapike. Hayo nayo ni hatari.

Mpelekeni kwa mganga wa mifugo bila kukawia akitapika mara nyingi kwa siku moja, au akitapika damu, au akikataa chakula siku nzima, au ikiwa mwajua amekula sumu. Vuteni ngozi ya mgongoni kisha mwiachie: isiporudi upesi, maji yamempungukia mwilini. Chukueni na karatasi au chupa ya sumu, mganga aijue.

Neno la mwisho latoka katika tuliyoyaona. Mwalimu mmoja, mtu mwema, alimhurumia paka wake aliyekuwa akitapika, akamsagia tembe ya parasetamoli iliyomponya yeye mwenyewe. Jioni fizi za paka zilikuwa za rangi ya udongo, uso umevimba, na pumzi zamshinda. Hakupambazukiwa. Mwili wa paka hauwezi kuivunja dawa hiyo, hata sehemu ndogo ya tembe yaweza kumwua. Mwaka ule panya walikula mbegu za mwalimu zote, akanunua nyingine kwa fedha ya karo.

Basi, wazee na walimu, wafundisheni watu wenu hili moja: dawa ya mtu si dawa ya paka. Kutazama kwa makini na kwenda mapema kwa mganga wa mifugo ndiyo matunzo yaliyo bora.