Dondoo muhimu: Pima kona kwa kona

Usikariri tu kwamba pembenne ina nyuzi 360. Ichore, hata yenye pande zisizolingana, kisha unganisha kona mbili zinazotazamana: umepata pembetatu mbili, kila moja ya nyuzi 180.

Kosa ninalolikuta mara nyingi kwenye madaftari ni hili: mwanafunzi anaona pande zinazotazamana zimelingana, anaandika "mstatili". Huenda ni msambamba tu! Fundi mzuri haridhiki na pande. Akishavuta kamba za msingi, hupima kona kwa kona, mara mbili. Chumba cha mita 3 kwa 4 lazima kitoe mita 5 kotekote. Kipimo kimoja kikizidi kingine, msingi umekwenda upogo. Chukueni futikamba mkaujaribu mlango wa darasa lenu. Nawaombeni sana mfanye hivyo.

Kwenye rombasi, mistari hiyo ya kona kwa kona hukatana kwa nyuzi 90. Ikilingana pia, hiyo ni mraba.

Na fremu ya mbao ikiyumba, pigilia ubao mmoja toka kona hadi kona. Pembetatu haiyumbi, ndiyo maana kenchi za paa zimejaa pembetatu.