Jani la Mpapai na Homa ya Dengi

Mbu ni mdudu mdogo, lakini maradhi ayachukuayo ni makubwa. Mmoja huchukua malaria, mwingine huchukua homa ya dengi. Mbu wa dengi ni mweusi mwenye madoa meupe. Huuma mchana, na hutaga mayai katika mitungi, mapipa na vifuu vya nazi vyenye maji. Mwaka 2014, na tena mwaka 2019, homa hii iliwapata watu wengi mjini Dar es Salaam.

Mgonjwa wa dengi hushikwa ghafula na homa kali, akaumwa kichwa, viungo na nyuma ya macho. Wengi hupona, lakini wengine hutokwa na damu, hata pengine hufa. Katika damu mna chembe ndogo sana ziitwazo chembe sahani. Kazi yake ni kuziba mahali palipopasuka, damu isizidi kutoka. Mtu augonjwapo dengi, chembe hizo hupungua.

Malaria yatokana na kijidudu chenye mwili wake mwenyewe, nacho kimeshindwa kwa dawa za mimea. Kwinini ilitolewa katika magome ya mti mjini Paris mwaka 1820. Artemisinini ilipatikana katika mmea wa China mwaka 1972, kwa kazi ya Tu Youyou na wenzake. Lakini dengi yatokana na kirusi. Kirusi huingia ndani ya chembe hai za mtu, kikazitumikisha zikizalie wenzake. Ni kama mwizi aliyejificha nyumbani: atakayeichoma nyumba ili amwue mwizi, humwacha mwenye nyumba bila makao. Ndiyo sababu maji ya mmea yanayoshinda kirusi katika chombo cha kioo huenda yasifae kitu mwilini mwa mtu.

Katika Bara Hindi na Malaysia watu wengi hutwanga majani ya mpapai, wakayakamua, wakampa mgonjwa wa dengi maji yake machungu. Mgonjwa akipona, jirani husema, "Jani limemponya." Je, ni kweli? Jambo hili halijulikani kwa kumtazama mgonjwa mmoja. Maana hata kwake yeye asiyekunywa majani, chembe sahani hupungua siku kadha, kisha huongezeka zenyewe homa ikiisha. Wahenga walisema: Jogoo awike asiwike, kutakucha.

Basi madaktari wa Malaysia walifanya jaribio, na habari zake zikatangazwa mwaka 2013. Walitwaa wagonjwa 228, wakawagawanya makundi mawili kwa namna ya kura. Wote walipewa matunzo yale yale ya hospitali. Kundi moja tu liliongezewa maji ya gramu 50 za majani mabichi ya mpapai, mara moja kwa siku, kwa siku tatu. Damu ilipopimwa, chembe sahani za hao waliokunywa ziliongezeka upesi kuliko za wenzao.

Habari hiyo ni njema, walakini ina mipaka yake. Kuongezeka kwa chembe sahani si kufa kwa kirusi, wala jaribio hilo halikuthibitisha kwamba jani huokoa mtu na mauti. Tena kila mgonjwa alijua kama yumo katika kundi la wanywao au sivyo. Hata leo hakuna dawa, ya mti wala ya kiwandani, iliyothibitishwa kuwa yaua kirusi cha dengi mwilini mwa mtu.

Kwa hiyo mwenye busara halidharau jani, wala halisifu kabla ya kupimwa. Akishikwa na homa huenda hospitali, hunywa maji ya kutosha, wala hamezi aspirini, maana huzidisha kutoka damu. Na kabla ya homa kumfikia, huifunika mitungi yake na kuvimwaga vifuu vyenye maji, mbu asipate pa kutaga.

Maswali
1. Kwa nini ni vigumu kuua kirusi kuliko kijidudu cha malaria?
2. Methali ya jogoo yahusuje maneno ya jirani?
3. Kama madaktari wangaliwapa wagonjwa wote maji ya mpapai, wangalikosa kujua nini?