Paka Hafundishwi Kuchimba

Mweke kitoto cha paka mwenye umri wa wiki nne au tano kwenye karai la mchanga mkavu, kisha umwache. Atanusa, atakwangua, atachuchumaa, halafu atageuka kufukia. Hata aliyepotezewa mama hufanya hivyo, kwa hiyo si jambo la kuonyeshwa. Kazi ya mwenye nyumba ni kujua ardhi gani humvuta paka achimbe na ipi humkimbiza. Katika nyumba za kupanga za Jinja na Mbale, Uganda, ambako paka huletwa kwa ajili ya panya na ua mara nyingi ni saruji tupu, ardhi hiyo lazima itengenezwe.

Tuanze na mwili wake. Katika wiki tatu hivi za kwanza kitoto hawezi kukojoa peke yake: mama humlamba chini ya mkia, mkojo hutoka, na mama huumeza, hivyo kiota hakinuki. Baadaye mishipa ya fahamu hukomaa na hamu ya kukwangua huja yenyewe. Chakula kikiingia tumboni, utumbo mpana huanza kusukuma. Ndiyo maana wakati wa kumweka kwenye chombo ni baada ya kula na baada ya kuamka. Jerikeni la lita ishirini, likilazwa na kukatwa ubavu, linatosha. Upande mmoja uwe mfupi apande bila kuhangaika, na kingo zisuguliwe zisimkate.

Sasa cha kujaza, nacho hutegemea mkojo wake. Mababu wa paka ni paka-mwitu wa nchi kame, ambao bado wanaishi katika mbuga za Uganda. Figo zao hubana maji, ndiyo maana mkojo wa paka ni mzito, wenye yurea nyingi. Yurea yenyewe hainuki. Bakteria ndio huivunja ikawa amonia, na amonia ndani ya maji huwa na hali mbili. Ikibeba hidrojeni ya ziada huwa na chaji chanya na kubaki ndani ya maji. Ikiikosa huwa gesi na kuingia puani. Hali ipi itashinda hutegemea pH, yaani kipimo cha asidi na alikali: ikipita kama 9.2, gesi huzidi.

Hapo majivu ya jikoni, ambayo wengi huyakimbilia, hujikwaa. Yanakausha kinyesi vizuri, sikatai, lakini yakilowa pH hupanda hadi 10 au zaidi, amonia ikafukuzwa hewani na nyayo laini zikawashwa. Mwaka 1947 huko Michigan, Marekani, Edward Lowe alimpa jirani yake, aliyechoshwa na majivu ya paka, udongo mkavu uliokuwa ukiuzwa kwa kunyonya mafuta yaliyomwagika. Biashara kubwa ilizaliwa hapo.

Chembe za udongo wa mfinyanzi zina chaji hasi, nazo hushika ile amonia yenye chaji chanya. Udongo mwekundu wa Mbale, uliotokana na volkeno ya Elgon, una chembe hizo kwa wingi. Ubaya wake ni kwamba ukilowa hunata nyayoni, na paka huchukia hilo. Mchanga wa ujenzi wa Jinja ni kinyume chake: punje hazinyonyi, mkojo hupita kati yake ukatuama chini, juu pakabaki pakavu. Kuweka udongo chini na mchanga juu ni mpango mzuri sana hadi paka aanze kuchimba. Afadhali uanike vyote juani, uchekeche, uchanganye tangu mwanzo, mchanga uzidi.

Vumbi la mbao hunyonya vizuri, mradi mbao hazikutiwa dawa. Maganda ya mpunga kutoka mashamba ya Doho yana silika ngozini, hivyo hayanyonyi haraka. Ya kahawa yaache: yana kafeini, ambayo ni sumu kwa paka, naye hulamba nyayo zake.

Akikojoa kwenye gunia la mahindi, usimsugue pua. Atajifunza kukuogopa wewe, si kuliogopa gunia. Harufu iliyobaki ndiyo itakayomrudisha pale. Osha kwa sabuni, kisha siki, ambayo hushusha pH. Usimwage dawa ya klorini juu ya mkojo, kwani ikikutana na amonia hutoa gesi inayochoma mapafu.

Kinyesi kitolewe kila siku, wala si kwa sababu ya harufu tu. Paka aliyeambukizwa kimelea cha toksoplasma hutoa mayai ambayo huhitaji siku 1 hadi 5 nje ya mwili kabla ya kuweza kumwambukiza mtu. Yakiondolewa siku hiyohiyo, huwa bado hayajaiva. Kinyesi kitupwe kwenye choo cha shimo, si kwenye sukuma wiki, na mjamzito amwachie mwingine kazi hiyo.